Projekta Ije Baada ya Swali

Mwalimu anayetaka kutumia projekta, simu janja au kompyuta mpakato darasani mara nyingi huanza kwa kuhesabu vifaa alivyo navyo. Ninashauri aanze kwingine: afungue andalio la somo na atafute mahali ambapo wanafunzi wake hukwama kila mwaka, mahali ambapo chaki, mdomo na kitabu vimekwisha kujaribiwa na havikutosha. Hapo ndipo pa kuweka kifaa. Asipopaona, heri afundishe siku hiyo bila umeme.

Nasema hivyo kwa kuwa nimekwisha kukosea. Miaka michache iliyopita, hapa Bagamoyo, niliazima projekta nikawaonyesha wanafunzi 62 wa Darasa la Sita filamu ya nusu saa kuhusu bahari. Darasa lilitulia tuli, nami nikatoka kifua mbele. Kesho yake nilipowataka waeleze namna maji yanavyojaa na kupwa, nilisimuliwa habari za nyangumi.

Mada ile ile sasa naifundisha kwa njia nyingine, nami nitaieleza kwa kirefu kwa sababu mtoto wa pwani huja shuleni akiwa na nusu yake. Anajua bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, yaani siku za maji madogo, na anajua ngalawa ya baba yake hutoka saa ngapi. Lakini ukimpa karatasi ya miraba achore jinsi maji yanavyopanda tangu yalipokupwa hadi yalipojaa, karibu kila mara atachora mstari ulionyooka, kana kwamba bahari hupanda kwa kipimo kimoja kila saa. Sivyo ilivyo, na wanaokwenda kuchokoa pweza mwambani wanalijua hilo kwa miguu yao. Kwa hiyo andalio langu lina lengo moja tu: mwanafunzi aweze kuchora mwendo wa maji kwa saa sita na kueleza umbo la mchoro wake.

Matayarisho yake huchukua Jumamosi moja. Chagua siku ya bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, kwa kuwa katika siku hizo maji ya pwani hii huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi alasiri, hivyo safari yote ya maji huonekana mchana. Tafuta nguzo ndefu iliyosimama majini, umwombe mwenyewe ruhusa, kisha uichore mistari ya rangi nyeupe kila robo mita. Piga picha moja kila saa, ukiiegemeza simu juu ya jiwe lile lile ili picha zisitofautiane kwa lolote isipokuwa maji. Picha saba zinatosha.

Darasani, onyesha picha ya kwanza na ya pili, kisha ziba lenzi ya projekta kwa kipande cha kadibodi na umtake kila mwanafunzi aandike kwenye daftari maji yatakuwa yamefunika mistari mingapi katika picha ya tatu. Usiiharakishe hatua hii, maana mtoto aliyekwisha kuandika jibu lake huitazama picha kama mtu anayefuatilia deni. Saa ya kwanza maji yalikuwa yamefunika mstari mmoja, basi wengi waliandika kwamba utaongezeka mmoja mwingine. Kadibodi ilipoondolewa, ilikuwa imeongezeka miwili. Katika picha iliyofuata ikaongezeka mitatu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinuka, akaja mpaka ukutani, akahesabu mistari kwa kidole, kisha akanigeukia: "Mwalimu, mbona sasa yanakimbia?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalitafuta kwa miaka, na halikuulizwa na mimi. Hapo projekta ilizimwa, nasi tukahamia kwenye karatasi ya miraba. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria jambo hili: hugawa mpando wote katika sehemu 12, ambapo saa ya kwanza huchukua sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa kuwa bamvua zetu hupanda kwa mita 3 hivi na zaidi, mistari ya robo mita huikaribia kanuni hiyo vizuri sana, ingawa upepo na mawimbi havikosi kuharibu hesabu kidogo.

Sababu ya bamvua kutokea mwezi unapoandama na pia unapokuwa mpevu siifundishi kwa kifaa chochote. Nawatoa watoto watatu uwanjani, mmoja awe jua, mmoja dunia, mmoja mwezi, wasimame katika mstari mmoja, kwanza mwezi ukiwa upande wa jua na kisha upande wa pili. Projekta haina la kuongeza hapo.

Kuna mahali pengine ambapo kompyuta hushinda vitu halisi, nao ni mkondo wa umeme. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu ya kwanza hula umeme na kuiachia ya pili mabaki, na balbu za dukani, ambazo hazifanani sawasawa, huwathibitishia kosa hilo. Waunganishe kwanza betri na balbu kwa mikono yao, wabishane, ndipo uwafungulie programu ya mkondo wa umeme ya PhET, mradi wa programu za majaribio ya sayansi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani; katika programu hiyo chembe za umeme huonekana zikipita kwa kiasi kile kile kabla na baada ya kila balbu. Programu hizo ni za bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukizipakua nyumbani hufanya kazi bila intaneti. Usithubutu kutegemea bando katikati ya kipindi cha dakika 40.

Mengine ni ya kawaida. Chaji kila kitu usiku, kaa kwenye dawati la mwisho uone kama picha inasomeka jua likiwa dirishani, na uwe na picha chache zilizochapishwa kwa siku ya umeme kukatika. Pasipo projekta, simu moja ya mwalimu inaweza kuzungushwa katika makundi, mradi kila kundi liwe na swali la kujibu kabla simu haijawafikia. Picha za nyuso za wanafunzi zisitumwe kwenye makundi ya simu.

Dakika tano za mwisho vifaa vyote huzimwa, na kila mwanafunzi huchora upya mwendo wa maji kwenye karatasi tupu bila kutazama daftari. Nikikuta wanaozidi kumi wamerudia mstari ulionyooka, kipindi kinachofuata naanza na michoro yao ubaoni, na projekta hubaki kabatini.