Kutafuta chimbuko la jina adimu la Kiingereza ukiwa Tanga

Anzia kaburini. Makaburi ya Wazungu hapa Tanga yana askari waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914, katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Nenda saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini, upige picha kwa ubavu ili herufi zilizofifia zitoe kivuli. Jiwe lioshe kwa maji matupu na brashi laini. Jiki na ndimu hula mawe ya chokaa.

Orodhesha tahajia zote zinazowezekana. Satterthwaite, kwa mfano, hupoteza “e” ya mwisho au “t” moja, maana makarani waliandika walivyosikia.

Kisha fungua sensa ya Uingereza ya 1881, ipo bure FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo. Hesabu wenye jina hilo kwa kila kaunti, halafu ugawanye kwa idadi ya wakazi wa kaunti. Hapa ndipo wengi huteleza: London ina watu wengi mno, hivyo karibu kila jina huonekana limetokea huko. Satterthwaite huelekeza Lancashire ya kaskazini, kwenye kijiji chenye jina hilohilo, ambacho leo kimo Cumbria.

Kabla ya Julai 1837 serikali haikuandikisha vizazi, kwa hiyo rudi kwenye daftari za parokia, ambazo makanisa yaliamriwa kuziweka mwaka 1538. Kwa mtawanyiko wa leo, angalia pia Marekani, Kanada na Australia.

Usidhani kikosi ndicho kwao askari. Loyal North Lancashire, waliopigana Tanga, hawakuwa wote watu wa Lancashire. Faili nyingi za askari wa vita ile ziliungua London mwaka 1940.