Flashi Haisomi: Namna ya Kutafuta Ilipokwama Kabla ya Kuifomati

Mtu anaponiletea flashi isiyosoma, swali la kwanza ninalomuuliza halihusu kompyuta hata kidogo. Ninamuuliza kama vitu vilivyomo ndani yake vipo pia mahali pengine. Akisema vipo, kazi yetu ni nyepesi, kwa sababu tutaifomati, yaani kuifuta na kuiandaa upya, na ikigoma atanunua nyingine. Akinyamaza kidogo kisha akasema kwamba humo ndimo ilimo tasnifu yake ya miaka miwili, au picha za marehemu mama yake, basi utaratibu wote hubadilika, na tangu hapo haturuhusu kompyuta iandike kitu chochote kwenye flashi hiyo mpaka yaliyomo yawe yamenakiliwa nje. Nakuomba nawe ujiulize swali hilo kabla ya kuendelea kusoma, kwa kuwa baadhi ya hatua nitakazoeleza zinafaa kwa flashi tupu na ni hatari kwa flashi yenye mali.

Maneno "flashi haisomi" ni kama maneno "tumbo linauma": yanabeba magonjwa mengi yasiyofanana. Unapoichomeka flashi, kwanza hupokea umeme wa volti 5 kutoka kwenye tundu la USB. Kisha chipu ndogo inayoidhibiti hujitambulisha kwa kompyuta kwamba yeye ni nani na ana ukubwa gani. Baada ya hapo kompyuta hupakia draiva, programu ndogo ya kuongea na kifaa, hutafuta patisheni, yaani eneo la flashi lililotengwa kwa mafaili, na kuipa herufi kama E au F, na mwishoni kabisa husoma mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kuyapanga, na kukuonyesha orodha ya mafaili yako. Flashi inaweza kukwama kwenye hatua yoyote kati ya hizo, na dawa ya hatua moja haiponyi ugonjwa wa hatua nyingine. Ndiyo maana mtu anayekimbilia kufomati kila anapoona tatizo hupoteza mafaili ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

Tundu, uchafu na lehemu

Anza na yale yanayoonekana kwa macho. Ichomeke flashi kwenye tundu jingine, na kama kompyuta yako ni ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yale yameungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, ilhali ya mbele hupitia waya ambao mara nyingi huwa umelegea au haujachomekwa vizuri. Ikiwa unatumia kigawanya-tundu, kile kinachogeuza tundu moja kuwa manne, kiondoe kwanza. Halafu ijaribu flashi kwenye kompyuta nyingine. Jaribio hili moja huchukua dakika mbili na hukata shauri kubwa: flashi ikisoma kule, ugonjwa uko kwenye kompyuta yako, ikigoma kote, ugonjwa uko kwenye flashi.

Ichunguze pia mdomoni kwa tochi ya simu. Flashi inayolala mfukoni pamoja na funguo hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na mimi binafsi nimewahi kuchokonoa ganda jekundu la karanga lililokuwa limejikunja juu ya mistari ya shaba, likazuia mguso kabisa, wakati mwenyewe alikuwa amekwishaambiwa na mafundi wawili kwamba flashi imekufa. Tumia kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano wala pini, kisha pangusa mistari hiyo kwa pamba iliyolowanishwa kidogo kwa spiriti na uiache ikauke. Kwa wanaoishi karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi huacha utando kwenye metali, kuisugua mistari polepole kwa kifutio cha penseli kabla ya kupangusa husaidia.

Ukiona kwamba taa ya flashi huwaka unapoisukuma upande mmoja na kuzima unapoiachia, acha kuisukuma papo hapo. Hapo lehemu inayounga kichwa cha chuma na bodi yake imeachia, na kwenye flashi nyingi za kawaida miguu inayohusika ni minne tu, kazi ambayo fundi wa simu mwenye mkono mtulivu huimaliza haraka. Lakini ukiendelea kuichezesha, miguu hiyo hung'oa njia nyembamba za shaba zilizo chini yake, na kazi ya dakika chache ikageuka kuwa upasuaji. Zile flashi fupi mno, ambazo zikichomekwa hubaki na ncha kama ukucha, mara nyingi zimefinyangwa kipande kimoja na hazina miguu ya kulehemu, kwa hiyo kwa hizo fundi wa kawaida hana la kufanya. Na flashi inayochemka ndani ya sekunde chache huku kompyuta ikiwa kimya ichomoe, maana kuna sakiti iliyogusana ndani yake.

Je, kompyuta inajua kwamba kuna kitu?

Ikiwa mwili wa flashi ni mzima, sasa iulize kompyuta. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha linaloorodhesha diski zote, na flashi yako utaitambua kwa ukubwa wake. Usishtuke ukikuta flashi ya GB 32 imeandikwa 29.8, wala ya GB 64 kuandikwa 59.6, watengenezaji huhesabu kwa mafungu ya elfu na Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hakuna aliyekuibia.

Kinachoonekana kwenye dirisha hilo ndicho kinachokuambia flashi imekwama wapi. Ikiwa ipo na inaonekana nzima lakini haina herufi, huenda herufi iliyozoea kuchukua imeshikwa na kitu kingine, jambo linalotokea sana katika ofisi zenye diski za mtandao. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi ambayo haitumiki, na itatokea saa hiyohiyo bila kupoteza faili hata moja. Ikiwa mstari wake ni mweusi na umeandikwa "Unallocated", jedwali la patisheni limepotea, na hapo kishawishi cha kuunda patisheni mpya ni kikubwa. Kishinde kama unahitaji yaliyomo. Ikiwa imeandikwa "RAW", patisheni ipo ila mfumo wa mafaili hausomeki, na hilo nitalirudia.

Ikiwa imeandikwa "No Media" na ukubwa wake ni sifuri, ni afadhali kusema ukweli mapema: chipu ya udhibiti inazungumza na kompyuta, lakini kumbukumbu iliyo nyuma yake haiitiki. Hakuna programu ya kushusha mtandaoni itakayokurudishia mafaili kutoka kwenye hali hiyo, ingawa wanaoahidi ni wengi. Maabara za kuokoa data zinaweza kuifikia kumbukumbu yenyewe kwa vifaa maalumu, kwa gharama inayozidi bei ya flashi mara nyingi sana, na ni mwenye mali tu anayeweza kupima kama inafaa.

Kama haionekani kabisa, fungua devmgmt.msc kwa njia ileile na utazame sehemu ya vifaa vya USB. Kifaa chenye pembetatu ya njano, hasa kilichoandikwa msimbo 43, ni kile kilichojaribu kujitambulisha kikashindwa. Kiondoe kwa kuchagua "Uninstall device", chomoa flashi, washa kompyuta upya, kisha ichomeke tena ili draiva ipakiwe upya. Kwenye kompyuta ya mezani kuna hatua nyingine ambayo watu huidharau: izime, chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliosalia kwenye bodi uishe, halafu uiwashe. Nimeona matundu ya USB yaliyokuwa yamekufa siku nzima yakifufuka kwa njia hiyo. Kwa kompyuta za mapajani, angalia pia mpangilio wa umeme unaoitwa "USB selective suspend setting" na uuzime, kwani hulaza matundu ili kutunza betri na wakati mwingine hayaamki vizuri.

Ukikuta kwamba kipanya kinafanya kazi kwenye kila tundu lakini kila flashi, hata mpya, inakataliwa, na kompyuta yenyewe ni ya ofisi, basi hakuna kilichoharibika. Msimamizi wa kompyuta amefunga matumizi ya flashi kwa makusudi, kwa kuogopa virusi au kuvuja kwa nyaraka. Mwombe yeye, usitafute njia ya kichochoro.

Kompyuta inapokuambia uifomati

Ujumbe unaoponza watu wengi kuliko yote ni ule unaosema kwamba lazima uifomati diski kabla ya kuitumia. Umeandikwa kama amri, nao huja na kitufe ambacho kidole hukikimbilia chenyewe. Bonyeza "Cancel". Maana halisi ya ujumbe huo ni kwamba Windows imeifikia flashi, imesoma mwanzo wake, na haikuelewa lugha iliyoandikwa, yaani mfumo wake wa mafaili.

Kwa hiyo ijue safari yake ya mwisho. Kama ilitumika kwenye kompyuta ya Mac iliyoifomati kwa APFS, au kwenye Linux kwa ext4, au kwenye king'amuzi kinachorekodi vipindi na kuifomati kwa namna yake, flashi inaweza kuwa nzima kabisa na ugeni ukawa wa Windows. Irudishe ilikotoka, nakili yaliyomo, ndipo uifomati kwa lugha inayoeleweka kote. Kinyume chake pia hutokea: redio nyingi za magari husoma FAT32 pekee, hivyo flashi ya exFAT inayosoma vizuri nyumbani hukaa kimya ndani ya gari.

Kama haikuwa na safari ya namna hiyo, pengine ilichomolewa wakati inaandika, au umeme ulikatika katikati ya kazi. Ikiwa yaliyomo hayana thamani, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, amri hiyo hurekebisha kasoro ndogondogo, japo flashi iliyoandikwa RAW huikataa. Ikiwa yana thamani, usianze nayo, kwa sababu inaandika juu ya flashi inapokarabati. Anza na TestDisk, programu ya bure inayoweza kutafuta patisheni iliyopotea na kunakili mafaili kutoka humo, au mwenzake PhotoRec, ambaye hupuuza mfumo wa mafaili na kuokota kila faili kwa kutambua umbo lake. PhotoRec haitunzi majina, hivyo utapata mamia ya mafaili yenye namba tu na itakubidi uyafungue moja moja, lakini aliyepoteza tasnifu huwa halalamiki. Mahali pa kuhifadhi vinavyookolewa pawe diski nyingine. Ukivirudisha kwenye flashi ileile unafukia unachokichimba.

Inasoma, lakini haina kitu

Wapo wanaosema flashi haisomi kumbe inasoma. Mwanafunzi mmoja alifika na flashi aliyotoka kuchapishia kazi kwenye steshenari. Ndani yake kulikuwa na mafolda yake yote kwa majina, ila kila folda ilikuwa na kishale kidogo pembeni na ukubwa wa KB 2, na akiibofya hakuna kinachofunguka. Nilipoangalia nafasi iliyotumika, ilikuwa zaidi ya GB 5. Mafaili yalikuwepo. Virusi vilikuwa vimeyaficha na kuweka njia za mkato (shortcut) mahali pake, na kila anapobofya moja alikuwa anaviamsha vyenyewe.

Katika hali hiyo usibofye chochote. Fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwa herufi ya flashi yako, kisha usubiri. Mafolda halisi yataibuka, wakati mwingine yakiwa yamekusanywa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka zako tu, futa njia za mkato pamoja na mafaili yenye kikomo cha .vbs au .exe usiyoyajua, halafu uikague flashi kwa programu ya kukinga virusi, na kompyuta yako pia, maana kama ulibofya nyumbani ugonjwa umehamia huko.

Kundi jingine ni la flashi bandia, zilizoandikwa GB 512 na kuuzwa kwa bei ya sahani ya wali. Chipu yake imefundishwa kudanganya ukubwa, kwa hiyo mafaili ya mwanzo husoma na yanayofuata hayafunguki. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi na kuisoma tena ili kuonyesha ukubwa wake wa kweli. Ifanyie jaribio hilo siku ya kuinunua.

Hatimaye, ikiwa umefikia kuifomati, chagua exFAT kwa matumizi ya kompyuta, au FAT32 kwa redio na vifaa vya zamani, ukikumbuka kwamba FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Ikikataa kwa kusema imezuiwa kuandikwa, tazama kwanza ubavuni kama ina swichi ndogo ya kufunga. Kama haina, andika diskpart kwenye dirisha la amri ili kuifungua programu hiyo ya kushughulikia diski, andika list disk, na uitambue flashi kwa ukubwa wake kwa uangalifu mkubwa, kwani ukikosea namba utakuwa umeishika diski ya kompyuta yenyewe. Ichague kwa select disk na namba yake, kisha andika attributes disk clear readonly. Ikigoma hata baada ya hapo, huenda kumbukumbu yake imechakaa na chipu imejifunga ili isiandikwe tena. Bado inasoma, hivyo nakili kila kitu leo hii, maana kesho inaweza kukataa na hilo pia.