Somo: Kupiga picha za familia nyumbani bila kuwapanga watoto mstari

Wadau, hili ni la wenye watoto wa miaka mitano kushuka chini. Ukimwambia mtoto wa umri huo "cheka basi!", utapata meno tu. Kwa hiyo leo hakuna suti wala kusimama wima.

1. Tafuta dirisha kwanza. Zima taa zote za chumba, maana mwanga wa nje ukichanganyika na wa balbu ya njano, shavu moja linatoka bluu na jingine chungwa. Mkalishe mtoto ubavu kwa dirisha. Akilipa mgongo uso utakuwa giza. Hapa Moshi mwezi wa sita na wa saba mawingu hushinda yametanda. Wenzangu wanalalamikia baridi, mimi nafurahia mwanga laini. Msimu wa jua kali, piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Tuko karibu na ikweta, jua la mchana linakaa utosini na macho yanageuka mashimo meusi. Na msikimbilie migombani! Majani yanarusha ukijani usoni. Baraza linatosha.

2. Ondoa ndoo na chaja zinazoonekana nyuma. Mengine yaacheni, ndiyo nyumbani kwenu.

3. Mpe mtoto kazi. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Bibi anamenya ndizi za mtori, mjukuu anazitumbukiza kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi. Ya kwanza anaiweka taratibu. Ya tatu anaibwaga, maji yanamrukia bibi, naye anainua macho kuangalia kama atagombezwa. Bonyeza hapo hapo. Ila uwe umeshapiga magoti, kamera usawa wa macho yake. Ukipiga umesimama utapata utosi.

4. Wenye kamera: kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) iwe sekunde 1/250 kwa mtoto aliyekaa, 1/500 kwa anayekimbia. Ndani ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ikipanda hadi 3200 iache ipande, chenga za picha zinasameheka kuliko uso uliotikisika. Wenye simu: futeni lenzi (ina mafuta ya chipsi, msibishe), na badala ya kuvuta zumu sogeeni wenyewe.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Nikipiga sebuleni usiku napata mistari ya giza.
Jibu: Ni taa ya LED, kaka. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Shusha shata hadi 1/100 au 1/50, na usubiri mtoto atulie kidogo.

Mdau wa Pasua: Baba watoto akiona kamera anakakamaa kama anapiga ya kitambulisho.
Jibu: Dada, usimwite kwenye picha. Mwombe amkate mtoto kucha. Anza na mikono yao, uso utakuja akishakusahau.

Mdau wa Njiro: Wangu ana mwaka na nusu, akiiona simu anaitaka.
Jibu: Mwache aishike mpaka aichoke. Kisha dada yake akae nyuma ya bega lako, ajifiche na kuchungulia. Mtoto atatazama upande wako, lakini atakuwa anamtafuta dada.