Somo: Namna ya kupata pa kupiga hema katika misitu ya taifa ya milimani, Marekani

Wengi wanaouliza walale wapi milimani wameshaingia Recreation.gov, tovuti ya serikali ya kuweka nafasi za kambi, wakakuta kambi zote zenye majina zimeshikwa hadi Septemba, wakakata tamaa. Msikate tamaa. Marekani ina misitu ya taifa 154, na eneo lote linalosimamiwa na Idara ya Misitu, yaani Forest Service, ni ekari milioni 193. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo unaruhusiwa kulala nje ya kambi rasmi bila kuweka nafasi, na mara nyingi bila kulipa hata senti. Hapa nitaiita kambi huru. Hakuna choo, hakuna bomba la maji, hakuna meza wala pipa la taka. Kila kitu unakuja nacho na unaondoka nacho.

Anayetafuta kambi huru atafute barabara kwanza. Ukishaipata barabara halali inayopitika, sehemu ya kulala huwa haiko mbali. Anayeanza kwa kutafuta "sehemu nzuri" kwenye picha za watu huishia pale pale walipo wengine wote.

Hatua ya 1: Jua ardhi ni ya nani

Msitu wa taifa na hifadhi ya taifa ni vitu viwili. Msitu uko chini ya Wizara ya Kilimo tangu 1905. Hifadhi kama Rocky Mountain au Great Smoky Mountains ina idara yake na masharti makali zaidi, na humo unalala pale tu kibali chako kinapotaja. Tatizo ni kwamba vinapakana. Rocky Mountain imegusana na misitu ya Arapaho na Roosevelt, na Great Smoky imegusana na Pisgah, Nantahala na Cherokee. Hatua chache tu zinaweza kukutoa kwenye ruhusa na kukuingiza kwenye faini.

Ndani ya msitu wenyewe kuna pia viwanja vya watu binafsi, hasa Colorado, kwenye maeneo yaliyokuwa machimbo zamani. Ramani ya msitu kwa kawaida huonyesha ardhi ya taifa kwa kijani na ya watu binafsi kwa nyeupe. Ukiona doa jeupe katikati ya kijani, likwepe.

Hatua ya 2: Soma ramani ya magari

Hapa ndipo ningependa mtulie. Kila msitu hutoa ramani ya barabara zilizo wazi kwa magari, inaitwa MVUM, yaani Motor Vehicle Use Map. Ni ya bure, unaipakua kwenye tovuti ya msitu husika au kwenye programu ya Avenza, ambayo inakuonyesha ulipo hata pasipo mtandao. Si ramani ya kupendeza. Ni nyeusi na nyeupe, haina mistari ya mwinuko wala rangi ya mito. Lakini ndiyo sheria yenyewe: barabara isiyokuwemo humo haiko wazi kwa gari, hata kama unaiona kwa macho na ina alama za matairi.

Tazama mistari ya barabara kwa karibu. Baadhi ina vidoti vidogo pembeni, upande mmoja au pande zote mbili. Vidoti hivyo vinamaanisha kwamba hapo unaruhusiwa kutoka na gari barabarani ili upige kambi. Umbali unaoruhusiwa umeandikwa kwenye maelezo ya ramani. Misitu mingi ni futi 300 au pungufu, na mingine inakutaka uegeshe ukingoni mwa barabara tu. Pembeni kuna jedwali la tarehe, kwa sababu barabara nyingi za juu zina mageti ya msimu. Mtu anayeona barabara kwenye ramani bila kusoma jedwali hilo atakuta geti limefungwa mwezi Mei na theluji nyuma yake.

Sasa tafuta vichochoro: barabara fupi zinazochepuka kutoka ile kubwa, namba zake zikiwa na herufi au nukta mwishoni. Kambi nyingi tulivu ziko mwisho wa vichochoro hivyo. Fungua picha ya setilaiti mahali hapo hapo. Ukiona kipande cheupe cha udongo mwishoni mwa barabara, hapo magari yamezoea kugeuzia, na mara nyingi watu wamezoea kulala. Kisha linganisha na ramani ya kontua, yaani yenye mistari ya mwinuko. Mistari ikibanana ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare. Ukivipatanisha vitu hivyo vitatu ukiwa nyumbani, kazi kubwa imekwisha.

Hatua ya 3: Pigia simu ofisi ya renja

Renja ni mtumishi anayesimamia msitu. Si ofisi kuu ya msitu, ni ofisi ya wilaya ya msitu huo. Uliza: geti la barabara namba fulani liko wazi? Kuna katazo la moto? Kuna amri ya kuhifadhi chakula dhidi ya dubu? Kambi huru inaruhusiwa popote, au ni penye alama tu?

Swali la mwisho ni muhimu kwa sababu kila msitu una yake. Katika wilaya ya Pisgah, North Carolina, huruhusiwi kulala ndani ya futi 1,000 kutoka barabarani isipokuwa penye alama ya hema. Kwenye mabonde ya kuzunguka mji wa Crested Butte, Colorado, katika msitu wa Gunnison, unalala penye alama tu. White Mountain, New Hampshire, inakataza kambi juu ya mstari wa miti, yaani kule juu ambako miti haioti tena, wakati hakuna theluji ya kutosha, ili kulinda mimea midogo ya kule juu. California inataka uwe na kibali cha moto hata kwa jiko la gesi nje ya kambi rasmi. Kibali hicho ni cha bure.

Kuhusu moto, katika majimbo ya magharibi utasikia katazo la daraja la 1 na la 2. La 1 kwa kawaida huruhusu moto kwenye majiko ya kambi rasmi tu, kwa hiyo kambi huru haina moto. La 2 hufuta moto wa kuni kabisa. Jiko la gesi lenye kifungo cha kuzimia huwa linaruhusiwa, ila thibitisha.

Hatua ya 4: Chagua sehemu tatu, fika jua likiwa juu

Ya kwanza ikiwa na watu, unaenda ya pili bila kugombana na mtu. Barabara za milimani usiku hazina taa wala uzio, na kuchagua ardhi kwa tochi ni kubahatisha.

Hatua ya 5: Chagua ardhi

Tafuta palipokwisha kutumika: udongo mgumu usio na majani, labda duara la mawe lililoachwa na waliotangulia. Usifungue sehemu mpya kwenye majani mabichi, maana milimani msimu wa mimea ni mfupi na jeraha la hema moja huchukua miaka kupona. Kaa futi 200 kutoka mtoni au ziwani, kama hatua 70 za mtu mzima.

Kabla ya kushusha hema, inua macho. Mbawakawa, wadudu wanaotoboa magome ya miti, wameua misonobari mingi sana Colorado na Wyoming, na miti hiyo imesimama vile vile, imekufa. Utaijua: haina majani au majani yake yamekuwa mekundu, gome linabanduka vipande vipande, shina lina matundu ya vigogota. Upepo wa usiku unatosha kuiangusha. Pima kwa jicho urefu wa mti, kisha weka hema mbali kuliko urefu huo. Kama huwezi, hama. Hili silifanyii mjadala.

Usilale pia kwenye sakafu ya korongo jembamba. Usiku wa Julai 31, 1976, mvua kubwa ilinyesha juu ya korongo la Big Thompson, Colorado, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 140, wengi wao wageni waliokuja kupumzika. Wengine walikuwa mahali ambapo mvua yenyewe haikuwa kubwa.

Hatua ya 6: Chakula na choo

Chakula, dawa ya meno, sabuni, vyote havilali hemani. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, futi 200 kutoka kwenye maji, na karatasi inarudi na wewe kwenye mfuko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaruhusiwa kukaa siku ngapi?

Marahaba. Misitu mingi ni siku 14, kisha unatakiwa kuhama. Namna wanavyozihesabu na umbali wa kuhamia hutofautiana, kwa hiyo liongeze kwenye simu ya renja.

Swali: Gari langu ni la chini. Nitafika kweli?

Utafika, ukisoma vibao. Namba ya barabara iliyoandikwa kwa mlalo, tarakimu zikifuatana kushoto kwenda kulia, ni dalili ya barabara inayotunzwa kwa magari ya kawaida. Ikiwa imeandikwa wima, tarakimu zimepangana kutoka juu kwenda chini, hiyo ni ya magari yaliyoinuka. Wewe geuza mapema, pakiwa bado na nafasi ya kugeuzia.

Swali: Nina watoto wawili wadogo na naogopa dubu. Nikae tu nyumbani?

Hapana dada, nenda nao. Kwa mara ya kwanza chagua kambi rasmi yenye makabati ya chuma ya chakula. Nyingine hazina mfumo wa kuweka nafasi, anayefika kwanza ndiye anayepata, na Jumatano huwa na nafasi zaidi kuliko Ijumaa. Watoto wasile hemani hata biskuti moja. Katika misitu yenye dubu wakubwa wa kahawia, kama Shoshone na Bridger-Teton kule Wyoming, kuhifadhi chakula ni amri ya kisheria. Sehemu kadhaa za Inyo, California, zinakutaka uwe na kopo gumu lisilofunguliwa na dubu.

Swali: Jumuiya yetu ni watu themanini na kidogo. Tutajitandaza tu msituni?

Kikundi cha watu 75 au zaidi kinahitaji kibali, hata kama hakuna biashara yoyote. Ombeni mapema. Na kwa wingi huo mimi ningewashauri kambi rasmi ya vikundi, kwa sababu ya vyoo.

Swali: Mimi huacha gari na kutembea kwa mguu. Masharti ni hayo hayo?

Karibu yote, lakini maeneo ya nyika yanayolindwa na sheria ya 1964 yanaweza kuwa na kibali chake. Indian Peaks, Colorado, inataka kibali cha kulala kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Enchantments, Washington, kibali chake hutolewa kwa bahati nasibu. Na Julai na Agosti kwenye milima ya Rocky radi huja mchana, hivyo uwe umeshuka kileleni kabla ya adhuhuri.

Swali: Mwezi wa saba kweli nibebe koti?

Beba, kaka. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Denver iko kama mita 1,600. Ukilala mita 3,200, umeshapoteza nyuzi kumi kabla hata jua halijazama, na usiku unaweza kuamka maji ya chupa yameanza kuganda. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili sifuri au chini yake, na mkeka wa chini usiusahau, kwa sababu baridi nyingi inatoka ardhini.