Sola Shambani: Zungushia Uzio Paneli, Usifunge Njia ya Nyumbu

Kampuni ikija Kajiado kutaka kukodi ardhi yako iweke sola, jua kwanza wanyama hupita wapi mvua zinaponyesha. Mambo ya kodi yafuate baadaye.

Upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi umeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Athi-Kaputiei, upande wa Kajiado. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba huko dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na sharti mojawapo lilikuwa wasiweke ua. Paneli hazina kelele wala moshi. Kinachomziba mnyama njia ni seng'enge, tena pengine inazungushwa ekari ishirini kulinda paneli zilizokaa ekari nne.

Kwa hiyo uzio uishie kwenye paneli. Waya wa chini kabisa uwe laini, usio na miiba, na uinuliwe sentimita 40 hivi kutoka ardhini ili sungura na digidigi wapite. Najua wizi wa paneli upo. Tia taa na mlinzi, lakini usifunge bonde zima.

Mtambo wa sola wa Garissa wa megawati 50 umechukua hekta 85, yaani ekari 4 na kidogo kwa kila megawati. Sola yako mwenyewe ya pampu ya kisima na mashine ya kukatia majani haihitaji hata robo ekari. Paa la zizi linatosha, au pale penye machimbo ya zamani pasipoota kitu. Malisho mazuri yaache.

Ukilazimika kutumia ardhi ya kilimo, inua paneli mita 3 hivi, ulime chini yake. Isinya, humo humo Kajiado, walijaribu hivyo, na kabichi za kivulini zikawa kubwa kuliko za juani kwa karibu theluthi, kwani udongo haukukauka upesi. Maji ya kuoshea paneli yaelekeze kwenye mboga, bila sabuni. Paneli zikiwa za chini, lisha kondoo. Mbuzi hapana: watapanda juu na kutafuna nyaya.

Kabla ya kutia sahihi, omba kuisoma tathmini ya mazingira iliyopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na mkataba useme wazi nani atang'oa nguzo na zege muda ukiisha.