Kupandisha mizunguko ya jenereta ya dizeli kwenye gavana ya pampu

Fundi seremala mmoja wa Majengo, hapa Moshi, aliniita akidai jenereta yake imechoka: taa zimefifia, randa ya umeme inanguruma bila kukata. Mita ilisoma Hz 47 (Hz ni mapigo ya umeme kwa sekunde, yanayotakiwa ni 50) hata kabla randa haijawashwa. Maelezo haya ni ya jenereta za mizunguko 1500 kwa dakika zenye gavana ya kimakanika, yaani kifaa kinachoshika spidi ya injini kwa kuongeza au kupunguza dizeli, ndani ya pampu ya dizeli. Yenye gavana ya umeme ina utaratibu wake.

1. Zima swichi ya mzigo, washa injini, iache ipate moto. Jua mapema mkono wa kuzimia uko wapi.

2. Pima kwa multimita inayosoma Hz. Wapo wanaoseti kwa sikio. Jenereta yangu hawaigusi. Mizunguko 1500 ni Hz 50, kila Hz moja ni mizunguko 30. Volti zikiwa chini, usikimbilie AVR, kifaa kinachodhibiti volti. AVR nyingi hushusha volti zenyewe spidi ikipungua, kwa hiyo ukizipandisha sasa zitaruka juu spidi ikirudi.

3. Hakikisha kosa ni la gavana kweli. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Bonyeza kwa kidole mkono wa pampu, ule wa spidi, uelekee kwenye skrubu ya kikomo inayouzuia usipite spidi ya juu. Spidi ikipanda, skrubu haina kosa: springi imelegea au kebo imevutika, na mkono haufiki mwisho. Ungezungusha skrubu hiyo mpaka jioni bila kuona badiliko lolote.

Kama bila mzigo unapata Hz 52 na ukiweka mzigo zinaanguka hadi 45, mara nyingi dizeli haifiki ya kutosha. Fungua kifuniko cha tangi. Injini ikichangamka, tundu la hewa limeziba. Badilisha filta. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, utazame mapovu, dalili kuwa hewa inaingia. Dizeli ya madumu huja na maji na mchanga, sishangai tena. Na kwa walioko Arusha, karibu mita 1400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: moshi mweusi kwenye mzigo mkubwa hautaondoka kwa kuongeza dizeli.

4. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu ya kikomo na nati yake. Legeza nati, fungua skrubu kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, kisha pima. Kwenye pampu ambazo mkono hugonga skrubu hiyo, kuifungua nje ndiko kunakopandisha spidi. Lenga Hz 52 bila mzigo. Gavana ya aina hii lazima ipoteze spidi kidogo ndipo iongeze dizeli. Ukiseti 50 kamili, kwenye mzigo utabaki na 48. Unapokaza nati, shikilia skrubu kwa bisibisi, la sivyo itazunguka nayo. Pima tena baada ya kukaza.

Skrubu ya ujazo wa dizeli, yenye sili, usiiguse. Hiyo ni ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia.

5. Sasa rekebisha volti kwenye AVR ziwe 230, halafu rudisha mzigo kidogo kidogo. Spidi ikipanda na kushuka yenyewe, toa hewa kwenye laini. Ikiendelea, peleka pampu kwa huyo fundi.