Namna ya Kubadilisha Oili na Springi za Shokapu za Mbele za Pikipiki

Pikipiki inayobeba abiria wawili na mzigo kila siku, tena kwenye barabara ya vumbi, huchosha shokapu zake za mbele taratibu kiasi kwamba mwendeshaji huizoea hali hiyo bila kuitambua. Pua huzama sana breki ikikamatwa, shokapu hugonga hadi mwisho kwenye tuta, na usukani huyumba kwenye kona yenye mashimo. Wengi hungoja mpaka oili ianze kuvuja ndipo wampelekee fundi, naye mara nyingi hujaza oili nzito ya injini ili shokapu ziwe ngumu. Huko ni kukosea chanzo cha tatizo. Springi ndiyo inayobeba uzito, ilhali kazi ya oili, inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo ndani ya bomba, ni kupunguza kasi ya springi inapobonyea na inaporudi. Springi iliyochoka haiponywi na oili nzito; ikirudi polepole mno, hukutana na shimo la pili kabla haijapona la kwanza, na kwenye barabara yenye mawimbi ya mfululizo shokapu huendelea kuzama hadi ikaishiwa na nafasi ya kucheza.

Maelezo haya yanahusu shokapu za kawaida zenye bomba la ndani linalong'aa na bomba la nje la alumini upande wa chini, kama zilivyo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150. Shokapu zilizogeuzwa juu chini hufunguliwa kwa utaratibu mwingine.

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, lakini usiinue tairi la mbele kwanza. Legeza bolti ya kibanio cha juu kinachoshika mguu wa shokapu, kisha legeza kifuniko cha juu cha mguu huo robo mzunguko tu, kwa sababu mguu ukishatoka utazunguka mkononi na kifuniko kitakataa kufunguka. Baadhi ya pikipiki hutumia kifuniko hicho hicho kuushikilia mguu juu, kwa hiyo angalia yako imejengwaje. Baada ya hapo weka gogo au kreti imara chini ya injini ili tairi lining'inie, ondoa waya wa breki na wa spidomita, chomoa ekseli, toa tairi na madigadi, legeza bolti za kibanio cha chini, kisha uvute mguu kwenda chini huku ukiuzungusha kidogo. Kama breki yako ni ya diski, fungua kalipa, yaani kile kifaa kinachoibana diski, na uitundike kwa kamba. Isining'inie kwa mpira wake.

Simamisha mguu wima na ufungue kifuniko ukiwa unakikandamiza kwa kiganja, uso wako ukiwa pembeni, kwani springi imebanwa chini yake na inaweza kukirusha. Toa washa, bomba fupi la kujazia kama lipo, na springi, ukikumbuka upande gani ulikuwa juu. Springi nyingi zina mizunguko iliyosongamana upande mmoja, na vitabu vya watengenezaji havielekezi upande uleule kwa pikipiki zote. Mimina oili kwenye beseni na upampu bomba mara nyingi hadi lisitoe kitu. Itazame vizuri: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikiwa ya kijivu yenye kung'aa, chuma kinasagika ndani. Suuza kwa mafuta ya taa kidogo, kisha uache mguu umeinamishwa hadi ukauke kabisa.

Pitisha ukucha juu ya bomba linalong'aa. Penye kutu iliyochimba, hata sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, itakatwa baada ya siku chache, kwa hiyo usinunue sili kabla hujalikagua bomba. Liviringishe pia juu ya kioo au meza iliyonyooka uone kama limepinda.

Laza springi mbili sambamba na uzipime kwa rula, halafu linganisha na kipimo cha chini kabisa kilichotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Springi hubadilishwa zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Mafundi wengine huongeza kipande cha bomba juu ya springi ya zamani. Kipande hicho huinua pua, lakini hakiifanyi springi yenyewe kuwa ngumu zaidi, na kikiwa kirefu mno mizunguko hugusana kabla ya shokapu kufika mwisho.

Tumia oili ya shokapu ya namba ya uzito iliyoandikwa kitabuni, ambayo mara nyingi ni SAE 10. Namba za oili ya injini haziwezi kulinganishwa nayo moja kwa moja. Mahali ambapo oili ya shokapu haipatikani, ATF, ile ya gia boksi za otomatiki, ni afadhali kuliko oili ya injini, na vitabu vingi vya pikipiki za zamani viliiagiza yenyewe.

Kwenye kiasi cha oili ndipo ninapoomba usikisie hata kidogo. Niliwahi kununua pikipiki iliyotumika ambayo mguu mmoja ulikuwa umejaa oili nzito na wa pili ulikuwa karibu mtupu. Nilihangaika na tairi na beringi wiki nzima kabla ya kufungua shokapu. Mimina kiasi kilichoagizwa, pampu polepole mara kumi ili hewa itoke, na uache mguu utulie dakika chache. Kisha, springi ikiwa nje na bomba likiwa limeshushwa hadi mwisho, pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Bomba la sindano lenye mpira uliowekwa alama kwenye kipimo kilichotajwa kitabuni litavuta kilichozidi na kukoma lenyewe. Hewa iliyobaki juu hubanwa na kufanya kazi kama springi ya pili, kwa hiyo oili ikizidi, shinikizo hupanda na kuzisukuma sili nje. Miguu miwili isitofautiane hata milimita mbili.

Rudisha springi, vuta bomba hadi mwisho wake wa juu na ufunge kifuniko. Pandisha miguu yote kwa kimo kimoja, kaza kibanio cha chini, kisha kifuniko, kisha kibanio cha juu. Kwenye breki ya ngoma, hakikisha mfereji wa sahani inayobeba breki shuu umeingia kwenye jino la mguu wa shokapu. Usipoingia, sahani itazunguka na kufunga tairi ghafla barabarani. Kabla ya kukaza ekseli kabisa, shusha pikipiki na upampu shokapu mara kadhaa ili miguu ijipange, halafu weka kotapini mpya.

Funga uzi kwenye bomba linalong'aa, ukae na mzigo wako wa kawaida, kisha ushuke taratibu na upime uzi umesogezwa kiasi gani. Robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu inatosha. Baada ya kilomita chache, kagua tena bolti zote na ufute bomba kwa kitambaa cheupe ili uone kama kuna oili.